Tukuyu: Mvua, Migomba na Kisu cha Randa

Ndugu msomaji, kama hujapata kufika Tukuyu, siku utakayokwenda chukua koti. Ushauri huo nilipewa na kila mtu niliyemwambia kwamba naelekea Rungwe, nami, kama ilivyo desturi yetu watu wa Dar es Salaam, nikaupokea ushauri na kuliacha koti. Badala yake, mkobani mwangu mlikuwa na kitu kilichofungwa gazetini, chenye upana wa vidole vitatu na urefu wa kiganja na vidole vyake, kinachong'aa kama kioo. Kilikuwa ni kisu kipya cha randa. Nilikinunua Kariakoo kwa fedha isiyo haba, na nilikuwa na hakika kwamba ndicho kitakachoiokoa karakana ya marehemu baba yangu mdogo.

Safari yenyewe ilianza kwa simu. Mama mdogo hana kawaida ya kupiga simu ila kuna jambo. Baada ya salamu, akasema, "Mwanangu, mnunuzi wa vyuma chakavu amekuja mara ya pili. Anazitaka zana za baba yako kwa kilo. Mdogo wako amekwisha kukubali." Nikamwuliza kwa nini. Akajibu kwamba randa hazikati tena, visu vyake vimekwisha, na kijana ana kazi ya milango sita ambayo fedha yake ya kwanza imekwisha kupokelewa na kuliwa. Ikiwa milango haitamalizika, fedha itabidi irudishwe, na haipo. Akiuza zana atapata ya kurudisha, kisha atakwenda Mbeya kutafuta kazi ya bodaboda.

Nikamwomba amzuie kwa wiki moja tu.

Kutoka stendi ya Mbezi hadi Mbeya ni mwendo wa kilomita zaidi ya mia nane: Morogoro, mbuga ya Mikumi, milima ya Kitonga, Iringa, Makambako, hata jua linatua basi ndipo linaingia Uyole. Hapo barabara hugawanyika. Anayekwenda Zambia husonga mbele, na anayekwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi hukata kushoto na kuanza kupanda. Nililala Mbeya, na asubuhi nikapanda gari dogo.

Hapo ndipo nilipolikumbuka koti. Isongole iko juu sana, nchi ya viazi na ukungu, na abiria wenzangu walikuwa wamejifunga makoti na mablanketi kama watu wanaokwenda kulinda mizinga usiku. Lakini gari likishaanza kuteremka kuelekea Kiwira, mambo hubadilika. Viazi huacha nafasi kwa migomba, migomba nayo hupakana na chai, na kahawa hujificha katikati ya vyote viwili. Siku hizi umeongezeka mparachichi, ambao umewajengea wengi nyumba za bati. Upande wa mashariki husimama Mlima Rungwe, wenye urefu wa mita zipatazo 2,960, nao ni volkano iliyolala. Majivu yake ya kale ndiyo yaliyoupa udongo wa nchi hii rutuba hiyo, na mvua ndiyo inayouamsha. Dar es Salaam hupata kama milimita elfu moja na ushei za mvua kwa mwaka, na sehemu nyingi za Rungwe hupata elfu mbili na zaidi. Mtu wa Tukuyu haulizi kama mvua itanyesha, huuliza itanyesha saa ngapi.

Mji wenyewe ni mdogo, umekaa juu ya vilima, na barabara zake hupanda na kushuka. Wajerumani walipouhamishia makao yao ya utawala kutoka pwani ya Ziwa Nyasa, waliuita Neu Langenburg, na mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza yakauchukua. Wapenzi wa kandanda wanaukumbuka kwa jambo jingine, kwamba mwaka 1986 timu ya Tukuyu Stars ilitoka katika vilima hivi ikawa bingwa wa nchi nzima. Ukitaka kupendwa haraka na mzee wa Tukuyu, anzia hapo.

Mama mdogo alinipokea kwa "Ugonile" na kwa sahani ya mbalaga, zile ndizi zinazopikwa kwa namna ambayo hotelini huipati. Baada ya kula tukaenda karakanani, nyuma ya nyumba, chini ya bati linalovuja pembeni. Mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya meza ya useremala, mikono magotini. Mbele yake zilikuwa randa mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya chuma, na mwilini mwake limeandikwa jina la Record pamoja na namba 05. Ya pili ilikuwa ya mti mtupu, nyeusi kwa mafuta ya mikono, yenye pembe mbele kama pembe ya mbuzi ya kushikia, na kisu chake kimebanwa kwa kabari. Mwenye kuzifahamu zana akiziona hizo mbili pamoja, anaisoma historia ya wilaya nzima.

Kabla ya kuja wageni, Wanyakyusa walijenga kwa mianzi. Msafiri Mskochi Joseph Thomson, aliyepita huku mwaka 1879, alizisifu sana nyumba zao kwa unadhifu. Mwanzi hauhitaji randa, unahitaji kisu na mkono mwepesi. Chuma kilitoka kwa jirani zao Wakinga, wa milima ya Livingstone, waliokuwa wahunzi hodari na waliowauzia majembe na mikuki. Mwaka 1891 wakaja wamisionari Wamoravian, Theodor Meyer na wenzake, wakaweka kituo chao cha kwanza Rungwe, chini ya mlima. Pamoja na dini na kitabu ikaja nyumba ya matofali, na nyumba ya matofali hutaka mlango, dirisha, meza na benchi. Kwa hiyo ikaja randa. Ile yenye pembe ndiyo sura ya randa ya Kijerumani hata leo.

Ile ya chuma imetoka njia nyingine. Katika karne ya kumi na tisa Mmarekani mmoja, Leonard Bailey, alibuni randa ya chuma yenye gurudumu dogo la kusogezea kisu mbele na nyuma, bila kugonga kwa nyundo. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley ikazinunua haki zake, na umbo hilo likaenea duniani. Kiwanda cha Record cha mjini Sheffield, Uingereza, kilianza kutengeneza randa za namna hiyo mwaka 1931, na wakati wa ukoloni na baadaye zilifika katika karakana nyingi za Afrika Mashariki. Baba mdogo aliinunua yake ikiwa imekwisha tumika, kutoka kwa fundi aliyekuwa anastaafu. Aliinoa kwa miaka zaidi ya thelathini, na kila mara alipoinoa, kisu kilipungua unywele mmoja. Nywele zile zikijumlishwa kwa miaka hiyo yote, ndiyo hiyo sentimita moja na nusu iliyobaki, nayo imebanduka pembeni.

Basi nikafungua gazeti langu kwa majivuno. Mdogo wangu alikichukua kile kisu kipya, akakitazama, uso ukamng'aa. "Asante sana, dada," akasema, na mara ile ile akaanza kukifunga. Hakikuingia. Upana ulikuwa sawa kabisa, lakini kisu kilikuwa kinene mno, makali yake yakagota ukingoni mwa mdomo wa randa. Alijaribu mara tatu. Kisha akachukua tupa, akaielekeza kwenye mdomo ili aupanue.

"Acha!" sauti ikatoka mlangoni.

Alikuwa mzee jirani, seremala wa siku nyingi, rafiki wa baba mdogo, aliyesikia kwamba mgeni wa Dar ameleta kisu. Aliingia taratibu, akaitwaa tupa mikononi mwa kijana. "Mwanangu," akasema, "mdomo wa randa ukiupanua leo, kesho huwezi kuufumba. Mdomo mpana hauibani mbao vizuri mbele ya makali, na mbao isipobanwa hunyofoka. Kabla hujaiharibu randa kwa ajili ya kisu, kwanza tuone kama kisu chenyewe kinastahili."

Akakiweka kisu changu mezani, akapitisha tupa kwenye pembe moja, karibu na makali. Tupa iling'ata. Ukatoka unga wa chuma, laini, kama unavyotoka katika msumari. Akachukua kile kisu kizee cha marehemu, akafanya vivyo hivyo. Tupa iliteleza na kulia, kama kucha juu ya kioo, wala haikushika kitu.

Akanitazama kwa huruma. "Binti yangu, umenunua kioo cha kujitazamia. Hiki kitakata mbao mbili, ya tatu kitaomba kinolewe."

Ndugu msomaji, sitakuficha, niliona haya. Fedha ile ilikuwa ya kodi ya nyumba, na niliitoa bila kuuliza swali hata moja, kwa kuwa kitu kilikuwa kinang'aa. Nikamwomba mzee anieleze jinsi kisu cha randa kinavyochaguliwa, nami nikafungua daftari langu. Aliyonieleza nimeyapanga hapa kwa faida ya yeyote mwenye randa ya urithi, au mwenye mume, kaka au mwana aliye seremala.

La kwanza ni upana. Randa za umbo la Bailey huandikwa namba. Zenye namba 4 na 5 aghalabu hutaka kisu cha milimita 50, yaani inchi mbili, na zile kubwa za namba 6 na 7 hutaka milimita 60. Ya Record huongezewa sifuri mbele, kwa hiyo 05 ni ndugu wa 5. Lakini usiamini namba peke yake. Chukua kisu cha zamani uende nacho dukani, au kiweke juu ya karatasi ukichore kwa penseli pamoja na mfereji wake wa katikati.

La pili ni unene. Kisu cha asili cha randa hizi ni chembamba, kama milimita mbili hivi. Visu vingi vinavyotengenezwa siku hizi ni vinene zaidi, vyafika hata milimita tatu. Unene wenyewe si ubaya, kwani kisu kinene hakitetemeki juu ya mbao ngumu. Lakini randa ilichongwa kwa ajili ya kisu chembamba. Kikalio cha kisu chaweza kulegezwa skrubu na kurudishwa nyuma kidogo ili mdomo upate nafasi. Kikisharudi hadi mwisho wake na kisu hakijapita, basi kisu hicho si cha randa hiyo.

La tatu ni mfereji. Ndani ya randa mna kidole kidogo cha chuma kinachoshika tundu la bamba lililofungwa mgongoni mwa kisu, na hicho ndicho gurudumu linachokisukuma. Kisu kikiwa kinene, bamba huinuka, na kidole hakilifikii tundu vizuri. Utazungusha gurudumu mchana kutwa na kisu hakiendi popote.

La nne ni ugumu, nao hupimwa kwa tupa kama alivyofanya. Pima karibu na makali, kwa sababu upande wa juu wa kisu huachwa laini mara nyingi, nao hautakwambia kweli. Ukiona ncha ina rangi ya bluu, fahamu kwamba kuna mtu aliyekinoa kwenye mashine bila kukichovya majini, akakiunguza. Chuma kilichofika rangi hiyo kimepoteza ugumu wake.

La tano ni mgongo. Watu hutazama upande ulionolewa na kusahau upande wa pili, ilhali makali ni mahali pande mbili zinapokutana. Kutu ya juu juu si neno, husuguliwa ikatoka. Lakini kutu iliyochimba vishimo karibu na makali huacha meno, na kila jino huchora mstari kwenye mbao.

"Na la sita?" nikauliza, maana aliinua kidole tena.

"La sita ni mvua," akajibu. "Nchi hii mvua hula chuma kuliko mbao inavyokila."

Siku ya pili mimi na mdogo wangu tukapanda gari kurudi Mbeya, mwendo wa kilomita sabini hivi, hadi Mwanjelwa, kwenye wauzaji wa zana zilizotumika. Mzee alitupa tupa yake ndogo, akatuambia tusione haya kuitumia. Tulifukua lundo la nyundo, patasi na misumeno kwa muda wa saa nzima, tukapata visu vitatu vya milimita 50. Cha kwanza kilikuwa kisafi, lakini ncha yake ni ya bluu. Cha pili kilikuwa kizito na kizuri, lakini mgongo wake ulikuwa na vishimo kama uso wa mgonjwa wa ndui. Cha tatu kilikuwa chekundu kwa kutu kuanzia juu hata chini, na muuzaji mwenyewe alikuwa amekitupa chini ya meza. Mdogo wangu alikisugua mgongo kwa kipande cha msasa, kutu ikatoka, uso ukabaki laini. Yakajitokeza maandishi hafifu: Sheffield. Akapitisha tupa. Ikateleza.

Kulikuwa na sentimita nne na ushei za chuma kizima chini ya mfereji, yaani umri mzima wa fundi. Tulikilipia chini ya nusu ya bei niliyolipa Kariakoo.

Visu vya namna hiyo hufikaje sokoni? Vingine hutoka katika karakana za zamani zilizofungwa. Vingine vina safari ndefu zaidi. Uingereza lilianzishwa shirika liitwalo Tools for Self Reliance, jina linalobeba maana ile ile ya kujitegemea tuliyoizoea tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kuanzia miaka ya 1980 watu wake wa kujitolea walikusanya zana kuukuu kutoka katika nyumba za wazee wa huko, wakaziondoa kutu, wakazinoa na kuzipeleka kwa mafundi wa Afrika, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Kitu kilichosahauliwa katika banda la mtu wa Uingereza kimemsomesha mtoto wa seremala wa huku.

Jioni ile kisu kililazwa ndani ya siki. Asubuhi kilikuwa cheusi na kisafi. Kikaoshwa, kikakaushwa, kikapakwa mafuta. Mzee akalaza msasa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, kwa sababu kioo kimenyooka kuliko mbao yoyote, akausugua mgongo hadi sehemu ya mbele ikawa na uso mmoja. Kisha makali yakanolewa, kwanza kwa mteremko wa nyuzi 25, na mwishoni juu ya kinoo kwa nyuzi 30, kidogo tu pale kwenye ncha. Bamba la mgongoni akalifunga likiwa nyuma ya makali kwa unene wa ukucha. "Kwa paina waweza kuliacha milimita moja," akasema, "lakini mninga hautaki mchezo."

Milango ile sita ilikuwa ya mninga, ambao mwenye nyumba aliununua kutoka Chunya. Na mninga, kama wajuavyo waliowahi kuushika, una nyuzi zinazokwenda mbele na kurudi nyuma katika ubao mmoja. Kisu butu hukata nyuzi zinazokwenda na kuzinyofoa zile zinazorudi. Ubao wa kwanza wa mlango ulikuwa umekwisha kunyofoka hivyo, na kwa ajili ya ubao huo kijana alikuwa amekata tamaa, akidhani mkono wake ndio mbovu.

Akaufunga ubao ule ule mezani. Akaishika randa. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha majani ya maboga, hakuweka chini. Randa ikapita na sauti ambayo siwezi kuiandika, sauti ya kitambaa kipya kinachochanwa, na juu yake likapanda randa jembamba kama ganda la kitunguu, refu kama ubao wenyewe, likajikunja na kuanguka. Likafuata la pili. Pale paliponyofoka pakaanza kusawazika. Mama mdogo akasema polepole, "Ndaga fijo," nami sikujua alikuwa akimshukuru mzee, au kijana, au marehemu.

Ilibaki randa ya mti. Kisu chake kilikuwa cha namna ya kale, yaani chuma laini kilichobandikwa ulimi wa pua mbele kwa moto na nyundo, na ulimi huo ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo dukani hakinunuliki kwa urahisi. Lakini randa ya kabari ina fadhila yake, kwamba haina kidole wala gurudumu, na unene wa kisu kwake si sheria ngumu. Tukaenda kwa mhunzi na kipande cha springi ya gari. Akakiwasha ndani ya makaa, akakifua kiwe kinene upande wa makali na chembamba upande wa juu, ili kabari ikikaza kisu kisirudi nyuma. Akakipasha hadi sumaku ikakataa kukishika, akakizamisha katika mafuta. Kisha akakirudisha motoni taratibu, akingoja rangi ya majani makavu itokee, kwa sababu chuma kilichozimwa na kisipopashwa tena huwa kigumu na chepesi kuvunjika. Nilimtazama nikawafikiria wahunzi wa Kikinga waliokuwa wakishuka na majembe yao. Kazi ile haijafa, imebadili chuma tu.

Huenda msomaji wa mjini akauliza: je, hakuna mashine za umeme? Zipo, hata Tukuyu. Karakana yenye mashine hupiga randa mbao za siku nzima kwa saa moja. Mzee alinijibu swali hilo kwa kunionyesha milango ya nyumba za jirani. Masika yakija, mlango wa Tukuyu huvimba, ukagoma kufunga. Mwenye nyumba hatang'oa mlango aupeleke mashineni. Humwita fundi mwenye randa, naye huupunguza ukingo unywele baada ya unywele hadi ukatulia katika fremu. "Mvua inayokula visu vyetu," mzee akasema, "ndiyo hiyo hiyo inayotuletea kazi." Lakini akaongeza sharti: kila jioni kisu kifutwe utomvu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kipakwe mafuta, na randa ilazwe ubavu, mahali pakavu, mbali na sakafu ya saruji.

Siku moja kabla ya kuondoka nilikwenda Rungwe, kwenye ile misheni ya kale. Majengo ya matofali yamesimama chini ya miti mikubwa, na mlima juu yake umefunikwa na msitu, ambamo anaishi kipunji, yule nyani aliyetambuliwa na wataalamu mwaka 2005 tu, ingawa wenyeji walikuwa wakimjua kwa jina lake. Nilisimama mbele ya mlango mmoja wa zamani, nikapitisha kiganja juu ya ubao wake. Ulikuwa laini. Jina la aliyeupiga randa sikuliona mahali popote. Ndivyo ilivyo kazi ya seremala: watu huingia na kutoka, hakuna anayeuliza.

Asubuhi ya kuondoka, mnunuzi wa vyuma chakavu akaja kwa mara ya tatu, na mizani yake begani. Milango miwili ilikuwa imekwisha simamishwa ukutani, imekamilika, na wa tatu uko mezani. Mdogo wangu hakuinua kichwa. Mama mdogo ndiye aliyetoka nje. Alimsalimia yule kijana kwa heshima, akamkaribisha chai, kisha akamkabidhi kile kisu changu cha Kariakoo. Kijana akakitundika kwenye mizani, akakitazama, akacheka.

"Mama, hiki hakifiki hata robo kilo."

"Basi kichukue bure," mama mdogo akasema, "ila usije tena kwa ajili ya zile nyingine."

Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Nami naongeza kwa wewe, ndugu msomaji, uliye na zana ya mzazi wako inayoota kutu chini ya kitanda: kabla hujamwita mwenye mizani, itoe, ipime upana wake, uandike namba yake, uchukue na tupa ndogo mfukoni. Pengine kilichokwisha ni kisu tu. Na ukienda Tukuyu, usisahau koti.